Daraja la Kwanza

Mdogo wangu ana pua. Najua kila mtu ana pua, hata mimi ninayo, tena kubwa kuliko yake. Lakini nyumbani kwetu ukisema "pua" bila kumtaja mwenyewe, watu wote hugeuka kumtazama Kitinda.

Jina hilo nilimpa mimi, kwa kuwa ni kitinda mimba. Nilikuwa na miaka tisa alipozaliwa. Mama alishona sare kiwandani, anatoka alfajiri na kurudi jioni, kwa hiyo Kitinda alikulia mgongoni kwangu, na uji wake nilipika mimi. Alikuwa mtoto wa kukunja uso. Sukari ikipungua anakunja, uji ukishika chini ya sufuria hata kidogo anakunja. Nilipochoka kukisia, nikamfundisha kusema. Nilimpa kijiko nikamwambia, "Sema ulichoonja. Usiseme unachodhani nataka kusikia." Alikuwa na miaka mitatu. Akaonja, akafumba macho, akasema, "Moshi." Kweli, uji ulikuwa umeungua.

Alipofika miaka sita mama aliacha kuniuliza habari za maziwa. Nilikuwa nikiwasha jiko, nikisugua sufuria, kisha mama anaita, "Kitinda, njoo unuse." Naye anakuja mbio, anainamisha kijipua chake, anatangaza kama maziwa yatafika kesho au hayafiki. Hakuwahi kukosea. Majirani nao wakaanza kuleta ya kwao. Siku moja akasema nyumba ya pili inanuka gesi. Watu wakamcheka, halafu wakaenda wakakuta mpira wa mtungi umelegea. Jioni ile watu walipishana mlangoni kwetu kuja kumshika kichwa, na mimi ndiye niliyewapa viti. Hapo ndipo nilipomwonea wivu kwa mara ya kwanza. Nakumbuka hata gauni nililovaa.

Nayasema haya mapema ili mtu asije akafikiri niliharibika ukubwani.

Sasa nina miaka kumi na tisa ya kazi katika chumba cha kulia cha hoteli. Si hoteli ya kutisha: ina vyumba arobaini, lifti inayosusa, ngazi za marumaru zinazoteleza zikipigwa deki, na stoo ya mvinyo chini ya ngazi hizo. Wenzangu wananiita Kizibuo, kwa sababu nafungua chupa bila sauti huku nikimtazama mgeni machoni, na kizibo kinatoka kizima. Kazi hiyo naijua. Nani anaweza kuniambia siijui?

Ila mvinyo nilijifunza kwa masikio. Mhudumu haonji. Anamimina kidogo, anarudi nyuma hatua mbili, anasubiri mgeni aseme. Na wageni wanasema! Mmoja husema anasikia ngozi ya tandiko, mwingine tumbaku, mwingine udongo ulionyeshewa. Mvinyo una mwili, wanasema, una pua. Siku moja mzee mmoja aliizungusha glasi yake, akatazama michirizi ikishuka ubavuni, akamwambia mkewe kwamba mvinyo ule una miguu mizuri. Nikajisemea moyoni, basi mwenye miguu mibaya hapa ni mimi peke yangu. Yote hayo niliyaandika kwenye daftari: jina la chupa upande mmoja, maneno ya wageni upande wa pili. Madaftari matatu yamejaa. Mtu akiniuliza habari za mvinyo fulani, nafumba macho nasoma ukurasa.

Kitinda nilimleta mwenyewe. Duka alilokuwa akifanya kazi lilifungwa, akahamia kwangu na begi moja, tukawa tunalala chumba kimoja kama zamani. Nikamwendea meneja, nikamwambia nina mdogo wangu, mwaminifu, mikono yake myepesi, anaweza kuosha glasi. Pua sikuitaja.

Hakufikisha hata mwaka. Mchana mmoja nilirudisha glasi kutoka meza ya saba, yeye akaichukua kuiosha, akasita. Akainusa. "Dada," akaniambia, "hii inanuka boksi lililoloa."

"Osha."

"Chupa yake imeharibika, dada. Usiwamiminie tena."

"Mgeni mwenyewe kanywa, kakaa kimya. Wewe uliyejificha na masufuria ndiye unayejua?"

Mzee wa stoo alikuwa amesimama nyuma yangu. Huyu ndiye msimamizi wa vinywaji, mtu mfupi, mpole, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akiinua sauti. Akaichukua glasi mkononi mwa Kitinda, akanusa, akaenda moja kwa moja meza ya saba, akawaomba radhi wageni na kuwafungulia chupa nyingine. Wageni wakashukuru. Walikuwa wameona kuna kasoro, walisema, ila waliona haya kusema. Tangu siku hiyo mzee kila akifungua sanduku jipya alipita kwanza kwenye sinki la glasi. "Kitinda, njoo unuse." Maneno yaleyale, sauti ya mtu mwingine. Nilikuwa nimebeba trei ya vikombe kumi na viwili, na sijui ni Mungu gani aliyeishika isianguke.

Sasa mzee alitaka kustaafu. Msimamizi wa vinywaji ana ufunguo wa stoo wenye kamba ya kijani, ana meza yake yenye droo, na ana kiti. Kiti kile nilikuwa nimekitazama kwa miaka kumi na moja. Ni cha mbao, kina mto uliofumwa na mke wa mzee, na mtu akikikalia magoti yake yanapumzika. Yangu huvimba kila siku kabla ya saa tisa. Kila mtu pale hotelini alijua kiti kile ni changu, hata mimi nilijua. Halafu meneja akatuita wawili ofisini, mimi na muosha glasi, akasema kesho baada ya chakula cha mchana atakuja wakala wa mvinyo, na sisi wawili tutaonja mbele yake. Atakayeonja vizuri zaidi ndiye atakayepewa ufunguo.

"Sisi wawili?" nikauliza.

"Ninyi wawili," meneja akasema. "Mzee kapendekeza."

Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi changu nilikuwa nakipigia pasi.

Kumbe wakala alikuwa ameshafika siku hiyohiyo. Saa kumi nilipeleka chai ofisini, mlango ukiwa umerudishwa tu. Nikamsikia mwanamke akilitaja jina la mtengenezaji wa mvinyo wa Ufaransa, na trei ikatulia yenyewe mikononi mwangu. Jina hilo wageni wetu hulitamka polepole. Miaka minane iliyopita, bwana mmoja alikuja na chupa yake mwenyewe ya mtu huyo, aliyoachiwa na baba yake. Nikamfungulia, akanywa glasi moja akilia, na mimi nikaandika kila alichosema. Wakala akaendelea, "Lakini hili ni daraja lake la kwanza." Meneja akajibu kitu, kiti kikaburuzwa, nikabisha hodi.

Daraja la kwanza! Mtoto akifaulu kwa daraja la kwanza, mama yake hupiga vigelegele. Treni ina daraja la kwanza, na huko ndiko kwenye viti vya kulalia. Basi kesho tungeonjeshwa kilele cha yule bwana wa Ufaransa, na katika hoteli nzima aliyekuwa na maneno ya kilele hicho ni mimi tu, daftari la pili, karibu na mwisho. Kabla ya daraja kulikuwa na "lakini". Niliisikia pia. Sikuichukua.

Jioni tulikula pamoja mezani, mimi na Kitinda. Alikuwa amekwisha kupiga pasi shati langu na lake, yametundikwa mlangoni, langu mbele. "Dada," akasema, "unadhani watatuonjesha nini?"

"Nitajuaje?"

"Mimi naogopa. Wewe unayajua majina yote. Mimi nikiulizwa jina la chupa nitakufa pale pale."

"Huulizwi jina."

"Basi hata maneno. Watu wa mvinyo wana maneno yao."

Daftari lilikuwa chini ya mto wangu. Ningelitoa, ningemwambia, mdogo wangu, nimesikia jambo. Kinywa kilifunguka kabisa. Nikamwambia akaoshe vyombo.

Siku ya pili tulikaa chumba kidogo cha mikutano, kile chenye zulia la buluu. Upande mmoja wa meza walikuwepo meneja, mzee wa stoo, na wakala, mwanamke mrefu aliyevaa miwani yenye mnyororo. Katikati ilisimama chupa iliyovishwa kitambaa cha meza hadi shingoni. Wakala akatumiminia. "Nataka mambo mawili tu," akasema. "Niambieni mmeonja nini. Halafu niambieni mgempa mgeni wa namna gani. Mkubwa aanze."

Nikaishika glasi kwa mguu wake, nikaizungusha kama ninavyowaona wageni. Nikanywa.

Nitasema ukweli, kwa kuwa siku ile sikuusema. Ulimi wangu uliniambia: mwepesi. Ukaniambia: msafi, mzuri, una uchachu wa tunda changa, na sasa umekwisha. Nilikuwa bado sijaweka glasi mezani na ladha imeshaondoka. Lakini nikauambia ulimi unyamaze, wewe ulimi wa mhudumu unajua nini juu ya daraja la kwanza? Nikafumba macho nikasoma ukurasa.

"Huu ni mvinyo mzito," nikasema. "Una ngozi, una tumbaku, una mbao za sanduku la zamani. Ladha yake haitoki mdomoni. Huu hata ukilazwa miaka thelathini bado utasimama. Ningempa mgeni wangu mkubwa kuliko wote, siku ya furaha au ya msiba, na ningemwomba anywe kimya."

Niliyasema vizuri. Hata meneja aliitazama glasi yake kama kitu kipya. Mzee wa stoo alikuwa akikagua kucha zake. Wakala akaandika, akasema asante, akamgeukia Kitinda.

Kitinda alikuwa amenitazama muda wote huo. Akaishika glasi kwa mikono miwili. Akanusa, akanywa, akafumba macho, akakaa hivyo mpaka meneja akakohoa.

"Mimi sijui maneno," akaanza. "Aliyeutengeneza anaijua kazi yake, hakuna uchafu hata kidogo. Naonja tunda jekundu, lile lililochumwa kabla halijalainika. Mwishoni kuna kitu kama chai ya rangi iliyokaa na majani. Basi. Hauna mengi zaidi ya hapo." Akameza mate, akanitazama tena, macho ya kuomba msamaha. "Unaondoka mapema. Ni kama mgeni mwenye adabu aliyepita kusalimia tu, hakukaa. Ningempa mtu ambaye hajawahi kumjua huyu aliyeutengeneza, aanzie hapa. Akiupenda, atarudi kuuliza mwingine."

Nikamwonea huruma, na huruma hiyo ilikuwa tamu. Chai ya rangi! Kilele cha Ufaransa, mtoto anakiita chai ya rangi.

Wakala akaweka kalamu chini. Akakivua kitambaa, na jina likatokea, lile lile. "Mtengenezaji huyu anajulikana dunia nzima," akasema, "na ana madaraja manne ya mvinyo mwekundu. La nne nimelionja mara moja tu maishani. Huu ndio wa kuanzia, anaouza mwingi kuliko yote, ili mtu wa kawaida naye apate kumjua." Akamwelekea Kitinda. "Aanzie hapa. Umetumia neno analolitumia mwenyewe."

Ningenyamaza, ningeshindwa kama watu wengine wanavyoshindwa. Lakini maneno yalitoka kabla sijayashika.

"Si ulisema daraja la kwanza!"

Wakala akavua miwani, ikaning'inia kwenye mnyororo wake. "Nilimwambia nani?"

Meneja alianza kukunja kile kitambaa, nusu, tena nusu, tena nusu. Mzee wa stoo ndiye aliyenihurumia, na huruma yake iliniumiza kuliko kicheko. "Kizibuo, mwanangu," akasema polepole, "wewe unapanda ngazi zile za marumaru kila siku. Daraja la kwanza liko juu au liko chini?"

Nikatoka. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Methali hiyo niliijua tangu darasa la tatu. Kilichonishinda ni kukijua kisima nilipokuwa nakichimba.

Niliingia chumba cha kuoshea glasi, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu, nikakaa juu ya kreti iliyopinduliwa. Magoti yalikuwa yakiuma. Glasi za mchana zilikuwa bado kwenye sinki, nikafungua bomba nikaanza kuziosha mwenyewe, mtu wa miaka kumi na tisa kazini. Nilimchukia Kitinda. Nilimchukia kwa ile "sijui maneno" yake, kwa yale macho ya kuomba msamaha, kwa shati langu alilolipiga pasi vizuri kuliko lake.

Akaja baada ya muda. Ufunguo ulikuwa mkononi mwake, kamba ya kijani imejiviringa kidoleni, na kwapani alibeba chupa ile. Akafunga bomba. Akachukua glasi moja niliyoiosha, akaipangusa tena, kwa kuwa sikuipangusa vizuri, akanimiminia.

"Kunywa, dada."

"Sitaki."

"Kunywa, halafu sema ulichoonja. Usiseme ninachotaka kusikia."

Nilitaka kumwagia usoni. Nikanywa. "Mwepesi," nikasema. "Tunda changa. Mwisho wake mfupi."

Alishtuka. "Uliyajua hayo kule ndani?"

"Tangu nilipoutia mdomoni."

"Jamani, dada." Akakaa sakafuni mbele yangu, na aproni yake yenye maji. Akawa anaufungua na kuufunga ule mkono wenye ufunguo. "Kwamba ulisikia mlangoni, sasa hoteli nzima inajua. Hilo siulizi. Nauliza, jana pale mezani, nilipokwambia naogopa. Mbona hukuniambia?"

Ningeweza kudanganya, ningesema nilisahau. Lakini siku hiyo nilikuwa nimekwisha kuchoka na maneno ya watu wengine.

"Kwa sababu nakuonea wivu," nikasema. "Nilikuonea ulipokuwa unanusa maziwa, nimekuonea jana, na hapa nilipokaa nakuonea bado. Sikutaka uwe na ninachojua. Nilitaka uingie mle ndani mikono mitupu."

Nilisubiri alie, au anitukane. Ningefurahi kama angenitukana. Yeye akakunja uso kama zamani kwenye uji, akafikiri, kisha akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Ungeniambia, dada," akasema, "ningesema kama wewe. Ningesema ngozi na tumbaku na miaka thelathini. Wewe ukiniambia kitu, mimi huwa nakiamini kuliko ulimi wangu."

Akainuka, akaufunga ufunguo kwenye kamba ya aproni yake, akaenda stoo kwenye kile kiti, sasa chake. Aliniachia glasi. Nikaumaliza mvinyo ule wote, peke yangu, juu ya kreti. Ulikuwa mzuri, na hilo nalo liliniudhi.